Bado Hawajapata Spika

Jumatatu, 5 Desemba 1859

Bunge limefunguliwa leo na siagi imeniishia kabla ya saa nane. Wapangaji wa Bi. Sparhawk, mwenye nyumba hii ninayoipikia, wamerudi wote watatu, matope ya Washington mpaka magotini, kila mmoja akizungumza kana kwamba wenzake ni viziwi. Naandika haya katika daftari langu la mapishi, baada ya ukurasa wa achari ya matango. Hakuna mheshimiwa atakayelifungua. Kusoma nimejifunza kwa hotuba wanazosahau mezani, ndiyo maana ilinichukua miaka minne kufika kwenye sentensi yenye maana.

Mheshimiwa Culpin wa Alabama safari hii amekuja na mkewe, na mkewe amekuja na mdogo wangu.

Nilimwona dirishani akishuka garini na makasha matatu ya kofia. Venie! Miaka kumi na miwili. Bi. Octavia Culpin ni binti wa nyumba ile ya Maryland tulimozaliwa sisi. Mama yake mzee aliniachia uhuru katika wasia wake. Venie hakuwa wa kuachiwa, maana alikuwa ameshatolewa zawadi ya harusi ya Octavia, yeye na vijiko vya fedha, akiwa na miaka kumi na mmoja. Bi. Octavia amechagua nyumba hii kwa sababu ya biskuti zangu. “Keziah alikuwa wetu,” anawaambia watu, kama mtu anavyosimulia saa ya ukutani iliyouzwa.

Venie aliingia jikoni, akanitazama juu hadi chini.

“Dada, umenenepa.”

“Na wewe umerefuka bila kuomba ruhusa.”

Halafu tukakumbatiana mpaka supu ikamwagikia motoni.

Jumanne, 6 Desemba

Wamepiga kura, hawajapata Spika. Bila Spika, Bunge haliwezi hata kuagiza kuni. Wa Kaskazini wana mtu wao, na wa Kusini wanasema mtu huyo aliweka jina lake kusifu kitabu kinachoutukana utumwa. Mwenyewe anajitetea kwamba alitia saini bila kukisoma.

“Mtu mzima!” Culpin alipiga meza, glasi zikaruka. “Anatia saini kitu asichokisoma! Ndiye tumkabidhi nyundo?”

“Yeye hajasoma kitabu kimoja,” alisema Mheshimiwa Thwing wa Vermont. “Wewe je, umesoma kipi?”

“Mchuzi unapoa, waheshimiwa,” alisema Jaji Birdwell wa Kentucky. Ni mzee mpole mwenye nywele nyeupe kama pamba, na kazi yake Bungeni ni kuwaomba watu wakae chini.

Culpin akaapa. Siku mtu wa chama cha Kaskazini atakapokuwa Spika, siku hiyohiyo anafunga masanduku na kurudi Alabama. “Na tukirudi mji huu, bwana Thwing, hatutarudi na hotuba.”

Venie alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha bibi yake. Mimi nilikuwa na bakuli la mchuzi. Tukatazamana. Maadamu hawajapata Spika, mdogo wangu yupo. Wakimpata, ameondoka, na sitapewa miaka mingine kumi na miwili ya kumngoja.

Mungu anisamehe, nimeanza kuliombea taifa lishindwe.

Alhamisi, 8 Desemba

Kura tatu. Hakuna Spika. Nimeoka keki.

Jumamosi, 10 Desemba

Katika nyumba hii, kila Bunge likifunguliwa, wapangaji humchagua mmoja wao wa kukata nyama. Hukaa kichwani mwa meza, hukamata kisu, na huamua nani apate paja. Desturi hiyo ilikuwapo kabla sijaja. Mwaka huu Culpin anasema hawezi kupokea nyama kutoka mkono wa mtu wa Vermont, Thwing anasema hatakula kilichokatwa na mkono unaoshika mjeledi, na Jaji Birdwell wote wawili wanamkataa kwa kuwa si adui wa mtu yeyote. Bata mzinga alikaa katikati ya meza robo saa, mzima, akiwatazama. Mwishowe Bi. Sparhawk akaniashiria nimrudishe jikoni nimkate mwenyewe.

Basi mimi, Keziah Tolliver, nimepita bila kupingwa.

Jumatano, 14 Desemba

Hakuna Spika. Mvua.

Jumanne, 20 Desemba

Leo nimefanya upumbavu. Mheshimiwa Thwing akisema juu ya utumwa, machozi humtoka kweli. Juzi alimtaja yule mzee aliyenyongwa Virginia mwanzoni mwa mwezi kwa kuwashikisha watumwa silaha, akashindwa kumaliza sentensi. Nikamwona huyu ndiye. Asubuhi nilipompelekea kahawa nikafunga mlango nyuma yangu.

“Mheshimiwa, yule msichana wa kina Culpin ni mdogo wangu. Nataka avuke kwenda Pennsylvania, kusiko na utumwa.”

Alisimama, akakaa, akasimama tena.

“Keziah,” akasema, “maumivu yako ni maumivu yangu.”

“Ahsante, Mheshimiwa. Na gari utatafuta lini?”

“Unajua nafasi yangu. Wakinikamata na jambo kama hilo, watasema sote ni wezi wa watumwa. Tutapoteza uspika. Tukishinda uchaguzi wa mwakani, sheria zitabadilika zenyewe. Mwambie awe na subira.”

Nikamwambia nitamwambia. Kahawa yake ilikuwa ya mbegu mpya. Ya kesho itakuwa ya makapi ya leo.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Hakuna Bunge, kwa hiyo hakuna aliyetukanwa mpaka saa kumi jioni. Venie na mimi tulipiga donge la biskuti pamoja kwa nyundo ya mti, mapigo mia tatu, kama alivyokuwa akipiga mama. Aliniambia mambo ya Alabama. Mengine sitayaandika karibu na mapishi.

“Hujawahi kujaribu kuondoka?” nikamwuliza.

“Kutoka kule? Dada, ukitembea wiki nzima kutoka kule unafika kule.” Akapiga donge. “Lakini hapa nimeona treni. Inakwenda Baltimore asubuhi, na watu wanapanda tu, kama mchezo.”

“Wenye hati ya njia yenye saini ya bwana.”

“Wenye hati,” akasema, akapiga tena, donge likapasuka katikati.

Alhamisi, 12 Januari 1860

Siku gani hii! Bastola imeanguka kutoka kotini mwa mbunge katikati ya ukumbi! Thwing ndiye aliyeleta habari, amesahau kuvua kofia. Wenzake walidhani mwenye bastola ameichomoa, wakainuka wote kama nyuki, nusu yao mkono umo kotini. Jaji anasema wasio na bastola mle ni wale wenye bastola mbili.

“Ukumbi ule ulikuwa unangoja kibiriti tu,” alisema Thwing.

“Kibiriti tunacho,” alisema Culpin. “Kiti cha Spika tuachieni, mtuache na watu wetu, hakuna atakayeungua.”

“Watu wenu!”

“Wanangu, bwana. Wanakula kwangu, wanazikwa kwangu. Muulize yeyote.”

Akamwonyesha Venie kwa uma. Venie akasema, “Ndiyo, Bwana.” Hakuna aliyemwuliza kitu.

Watu hawa wataingia vitani. Nilikuwa nadhani wanacheza, maana wanaume wakishiba husema mengi. Leo nimeona mikono yao. Ilikuwa inachezea visu vya mezani. Ilikuwa kama mikono ya watoto siku ya sarakasi.

Ijumaa, 13 Januari

Hakuna Spika. Bi. Sparhawk anauliza kama bastola ziachwe mlangoni na miavuli. Hakucheka.

Ijumaa, 20 Januari

Nimepata! Nimepata njia ya kumtoa Venie.

Culpin amechapisha hotuba yake, nakala elfu mbili, kwa wapiga kura wake. Mbunge akiandika jina lake kwenye kona ya karatasi ya kufungia, posta huipeleka bure. Basi kila alasiri, kabla ya kitambaa kutandikwa, hukaa kichwani mwa meza ya chakula na kutia saini. Venie ndiye anayempangia. Huzilaza karatasi moja juu ya nyingine kama karata mkononi, kona tu zikionekana, ishirini kwa mara moja. Culpin huenda kona hadi kona, Culpin, Culpin, Culpin, huku anabishana na Thwing na macho yake yako kwa Thwing. Venie huzikusanya, huzinyunyizia mchanga wa kukausha wino, hupanga nyingine.

Hotuba yenyewe nimeisoma. Ukurasa wa nne anasema hakuna mtumishi hata mmoja wa Alabama ambaye angeondoka kwa bwana wake, hata mlango uachwe wazi.

Venie alikuja kuchukua maji. “Dada, mbona unatabasamu na kitunguu?”

“Hati ya njia,” nikamwambia, “saini hukaa kona gani?”

Akafikiri. “Chini, kulia.” Halafu akaweka ndoo chini taratibu sana.

Jumatatu, 23 Januari

Nimeharibu karatasi sita. Mwandiko wangu unalala upande kama mlevi, na hati inatakiwa iwe na mwandiko wa karani. Hakuna Spika.

Alhamisi, 26 Januari

Hati imekamilika. “Mruhusuni mtumishi wangu Lavinia kwenda Baltimore Jumatano tarehe mosi Februari, kuchukua gauni la mke wangu kwa mshonaji, na kurudi Jumamosi.” Lavinia ndilo jina kamili la Venie. Chini, kulia, nafasi tupu. Baltimore wapo watu wa kanisa letu, na zaidi ya hapo siandiki.

Karatasi ni aina ileile. Tumechagua Jumatano kwa kuwa Bi. Octavia kila Jumatano huenda roshani ya wageni kusikiliza Bunge tangu asubuhi, na kofia yake bora.

Jumatatu, 30 Januari

Mambo yamegeuka. Wa Kaskazini wamemwondoa mtu wao, wameweka mwingine, mtulivu, ambaye hakuna anayemjua vya kutosha kumchukia. Thwing amekuja anaruka ngazi mbilimbili. “Kura mbili, Keziah! Tumepungukiwa kura mbili tu!”

Culpin amemwambia Bi. Octavia atoe masanduku.

Jumanne, 31 Januari

Nitaandika yote, kwa mpangilio, nisije nikasema kesho niliota.

Saa tisa na nusu Culpin alikaa kutia saini. Thwing alikuwa kwenye kiti chake na gazeti, Jaji Birdwell karibu na moto. Lakini Thwing alikuwa mwenye furaha! Anajua wanashinda, kwa hiyo amekuwa mpole kama mchungaji, hataki ugomvi. Culpin naye amenuna, hasemi neno. Anatia saini kwa uangalifu, na macho yake yako kwenye karatasi. Venie akapanga ishirini za kwanza bila kuweka yetu. Akapanga ishirini za pili. Kupitia ufa wa mlango nilimwona ananitazama, uso mtupu kama sahani.

Nikachukua bata mzinga kutoka jikoni. Alikuwa bado nusu saa aive. Nikamtia kwenye sinia la fedha, mzima, na kisu kirefu ubavuni, nikaingia naye nikamweka katikati ya meza.

“Waheshimiwa, mniwie radhi,” nikasema. “Leo mkono wangu unaniuma. Nani atakata?”

Kisha Thwing, na Mungu ambariki kwa hili moja, akasema kwa upole wake mpya, “Kwa kuwa kesho tutakuwa na Spika, nadhani upande ulioshinda uanze na bata.”

Culpin aliinua kichwa kama ng'ombe aliyesikia mbwa.

“Upande ulioshinda?”

“Kwa hesabu zangu.”

“Utakata nyama yangu wewe? Kwanza mnakata haki zetu, halafu mnakata nchi, sasa mnataka na bata?”

“Waheshimiwa,” alisema Jaji.

“Nyamaza, Birdwell! Mtu kama wewe ndiye aliyetufikisha hapa, unakaa katikati ya barabara unapunga kitambaa!”

Na mkono wake, mkono ule mzuri mpumbavu, ulikuwa unaendelea wenyewe. Culpin, Culpin, Culpin. Venie alikuwa ameshalaza ishirini nyingine. Nilihesabu kona. Ya kumi na moja ndiyo yetu, nyeupe kuliko nyingine kidogo. Ya nane. Ya tisa. Thwing akasema jambo juu ya minada ya watoto. Culpin akasema jambo juu ya mama yake Thwing. Ya kumi. Wino ukakauka! Akachovya, bila kutazama, tone likaanguka mezani, akaandika. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili.

Venie alizikusanya. Akazinyunyizia mchanga. Akatoka nazo kwa mwendo uleule wa kila siku, nami nikamfuata na bata mbichi, na tulipofika jikoni tukakaa sakafuni wote watatu, bata katikati.

Jumatano, 1 Februari

Wamepata Spika.

Mizinga haikupigwa, lakini mji mzima unapiga kelele. Watu wanakumbatiana barabarani na wengine wanatema mate, kutegemea mtu alizaliwa wapi. Mimi nilikuwa napiga donge la biskuti. Treni ya asubuhi ilikuwa imeondoka saa nne zilizopita, jua likiwaka, na mdogo wangu alikwenda kuipanda akiwa na kikapu, kofia yake nyeupe na hati ya njia. Aliniuliza mlangoni, “Nikisahau cha kusema je?”

“Usiseme kitu. Mtu mwenye hati hana haja ya maneno.”

Saa kumi Culpin alirudi, uso mwekundu kama nyama ya chumvi. “Fungeni masanduku! Venie!” Bi. Octavia akaita juu. Akaita chini. Akaja jikoni, kofia imekaa upande.

“Keziah, Venie yuko wapi?”

“Sijamwona tangu chai ya asubuhi, Bibi.” Kweli tupu.

Wameita polisi.

Alhamisi, 2 Februari

Polisi alikuja wakati wa kifungua kinywa, akaweka karatasi kando ya sahani ya Culpin. Stesheni huibakiza hati, wasije wakalaumiwa.

“Mheshimiwa, msichana wako alipanda treni ya Baltimore jana. Hati hii hapa. Karani anasema saini ni yako.”

Culpin akaisoma. Nilimwona akiisoma mara ya pili. Rangi ilimpanda kutoka kwenye kola.

Aliyesema kwanza ni Jaji Birdwell, ameshaichungulia karatasi, kwa sauti yake ileile laini ya kuombea amani. “Mpishi huyu ni dada yake. Mwandiko wa hati si wa karani, ni wa mtu aliyejifunza mwenyewe. Afisa, ningekuwa wewe ningeanza na mpishi.”

Miezi miwili nilimdhani mzee huyu ndiye mwema wao. Nilimpa kipande laini kila siku kwa sababu ya meno yake. Sikumbuki kama niliendelea kushika sufuria au niliiweka.

“Keziah?” Bi. Octavia alicheka, kicheko cha kweli kabisa. “Jaji, nimekua na Keziah. Mama alijaribu kumfundisha herufi, akashindwa kufika B. Alikuwa wetu! Unadhani nisingejua?”

“Unajua kuandika wewe?” polisi akaniuliza.

“Bibi anajua ninachojua,” nikasema.

Hapo Thwing aliinuka, akaizunguka meza, akainamia bega la Culpin kusoma. Uso wake ukafunguka kama dirisha.

“Lakini saini ni yako, Mheshimiwa. Hiyo si ya kughushi.” Akavuta pumzi ndefu, ya raha. “Niambie tu, ulitia saini bila kusoma?”

Miezi miwili Culpin amelisimamisha Bunge la taifa zima kwa kosa hilohilo la mtu mwingine. Hotuba elfu mbili ziko njiani kwenda Alabama, na ukurasa wa nne unasema kile unachosema.

“Sijawahi maishani,” alisema Culpin, neno kwa neno, “kutia saini kitu nisichokisoma.”

“Basi ulimtuma mwenyewe,” alisema polisi.

“Nilimtuma mwenyewe.”

“Kwa gauni.”

“Kwa gauni.”

“Gauni lipi?” alisema Bi. Octavia.

“Octavia, kunywa chai yako.”

Polisi akaikunja hati. “Kama ni hivyo sina kazi hapa. Atarudi Jumamosi, Mheshimiwa.”

“Atarudi,” alisema Culpin. Na kwa kuwa amemtuma mwenyewe, imembidi amngoje. Masanduku yamerudi juu.

Ijumaa, 3 Februari

Culpin anakaa dirishani. Kila gari likipita, Thwing anauliza, “Ndiye?”

Jumamosi, 4 Februari

Siyo yeye.

Jumatatu, 6 Februari

Wameondoka. Bi. Octavia alinipa leso yake ya zamani na kusema Venie amemvunja moyo, kwamba ni kama mtoto kumkimbia mama. Nikafikiri kumjibu. Nikamfungia biskuti za njiani.

Mlangoni Culpin hakumpa Thwing mkono. “Safari ijayo tutakutana uwanjani,” akasema. Thwing akajibu kwamba wanawe wawili wameshaanza gwaride. Walisema kwa adabu, kama watu wanaopanga siku ya kwenda kuwinda. Jaji Birdwell aliwasihi wote wawili wafikirie nchi. Chakula chake siku hizi nampa upande wa mfupa.

Bi. Sparhawk anatafuta mpangaji mwingine. Anasema atachukua wa Kaskazini peke yao au wa Kusini peke yao, mchanganyiko basi, sahani ni ghali. Nyumba ya jirani wamefanya hivyohivyo, na ya mbele yao. Mji huu unajipanga pande mbili, meza moja moja.

Alhamisi, 9 Februari

Bi. Hester Quander, muuza chaza wa kanisa letu, amekuja kutoka Baltimore. Ameweka ndoo chini, akafunga mlango wa jikoni, akavua glovu moja, kisha nyingine, mpaka nikataka kumtikisa.

“Bi. Hester, sema!”

“Nasema. Alivuka Jumamosi asubuhi. Yuko Philadelphia kwa watu wetu, mzima, ana mafua.”

Nikakaa. Nikainuka. Nikamimina kahawa ya mbegu mpya, yote.

“Alisema nini? Alipofika, alisema nini?”

“Watu wetu waliokwenda kumpokea stesheni walichelewa. Wakamkuta kwenye benchi, kikapu mapajani, ameshakaa karibu saa nzima, anatazama watu. Msimamizi alikuwa ameshamwendea mara mbili kumwuliza anamngoja bibi gani.” Bi. Hester akanywa, akapangusa mdomo. “Akamwambia, ‘Simngoji mtu. Nimekaa tu.’”